Mwaka wa Kamati ya Mbegu

Yusta alinipigia simu asubuhi nikiwa nafungua duka. Hakusalimia. Alisema, "Dada Eda, mama ametutoka," nami nikabaki nimesimama na kufuli mkononi huku madereva wa malori wakinipita na vikombe vyao vya chai. Duka langu la steshenari liko karibu na barabara ya mpakani hapa Tunduma. Natoa kopi, nachapa mikataba ya viwanja na barua za watu wanaogombana na majirani. Miaka yote nimekula kwa vidole vyangu. Vidole hivyo vilinipeleka, nikiwa na miaka kumi na tisa, kwenye chumba ambamo siku moja mama yake Yusta aliingizwa na askari akaketishwa mbele ya wabunge watano, mimi nikiwa pembeni nyuma ya taipureta. Nilikuwa nimeapa kutosema nilichokiona mle. Na kwa sababu ya kiapo hicho nilimdanganya Yusta kwa neno moja tu, neno ambalo nimekaa nalo mpaka nywele zimekuwa nyeupe. Nilimpa pole, nikalifunga duka lile lile nililokuwa nalifungua, nikaenda kutafuta gari la Msangano, kijijini kwao huko bondeni.

Nani alinizaa na nilisoma kwa taabu gani, hayo nayaacha, kwa sababu kila mtu wa rika langu ana hadithi hiyo na zote zina kibatari ndani yake. Nianzie pale nilipokuwa karani mchapaji wa muda katika ofisi moja ya serikali kule Vwawa, enzi ambazo Songwe haijawa mkoa na sisi wote tulihesabiwa watu wa Mbeya. Siku moja alikuja mwanamume mwembamba aliyevaa kaunda suti ya kijivu, akatupa wachapaji watatu barua moja ya kunakili, akasimama nyuma yetu na saa yake. Wenzangu wawili walikuwa na kasi kunishinda. Ila mmoja aliuliza barua inamhusu nani, na mwingine akacheka alipofika kwenye jina. Mimi nilichapa nikanyamaza, maana nilikuwa na njaa na niliwaza mihogo. Jioni hiyo nikaambiwa nifunge nguo zangu, naenda Tunduma kwa kazi maalumu ya wiki tano. Yule bwana alikuwa Katibu wa kamati ya siri ya wabunge. Aliniapisha kwa Biblia na kwa karatasi, kwamba sitatoa habari za kamati kwa mdomo, kwa maandishi wala kwa ishara. Hilo la ishara lilinitisha kuliko yote; kwa siku kadhaa niliogopa hata kukuna sikio mbele za watu.

Tulikaa katika nyumba ya wageni ya misheni, nyuma ya maghala. Ninaiota mpaka leo nyumba ile. Ilikuwa na korido ndefu yenye sakafu nyekundu iliyosuguliwa kwa mafuta mpaka waheshimiwa walikuwa wanatembea wakijishikilia ukutani, na mwishoni ukumbi mdogo wa mafundisho ya kipaimara, ndiko kamati ilikokaa. Mapazia ya kijani yalifungwa mchana kutwa kwa ajili ya usiri. Nyuma ya kiti cha Mwenyekiti ilining'inia picha ya mchungaji amebeba kondoo, na kwa kuwa Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye kichwa kikubwa, kutoka mezani kwangu kondoo alionekana amekaa juu ya kichwa chake. Ilikuwa miezi ya baridi, upepo wa Tunduma unaingia chini ya mlango na vumbi la malori. Mimi nilivaa sweta mbili na kukata ncha za soksi kuzifanya glovu ili vidole visigande. Harufu ya karatasi za kaboni, chai ya tangawizi na nta ya sakafu, nikiisikia popote zikiwa pamoja, ninakuwa na miaka kumi na tisa tena, nina furaha bila sababu. Nasema ukweli: pamoja na yote yaliyotokea, sijawahi kuipenda kazi kama nilivyoipenda ile.

Ili watu wasijue, ilitangazwa kwamba wageni wale ni wataalamu wa mbegu. Mji mzima ulijua uongo huo kabla hata mizigo haijashushwa, lakini wakulima ni wakulima. Siku ya pili asubuhi walikuwepo wazee watatu kutoka vijiji vya jirani na majani ya mahindi yaliyotobolewa na wadudu, wanataka ushauri. Katibu hakuwa na la kufanya ila kumwita Mwenyekiti. Mwenyekiti, ambaye nasikia maisha yake yote alikuwa mtu wa bandarini, alilishika jani, akaligeuza, akaliinua kwenye mwanga, akasema kwa sauti nzito kwamba tatizo hili linafahamika na linashughulikiwa. Wazee waliondoka wameridhika kabisa. Tangu hapo sisi wa jikoni tukawa tunaiita Kamati ya Mbegu, kwa kunong'ona.

Nasema sisi wa jikoni kwa sababu nilikula huko. Mpishi alikuwa Mama Chanda, mwanamke wa upande wa Zambia, aliyekuwa anavuka kila asubuhi kutoka Nakonde kwa miguu akiwa na kikapu kichwani, bila karatasi yoyote, kama walivyovuka watu wote. Waheshimiwa walikuwa ndani wanachunguza kama kuna raia wanaoshirikiana na watu wa ng'ambo kuleta vurugu, na mtu wa ng'ambo alikuwa anawapikia. Alinisalimia kwa Kibemba, "Mulishani, mwana wandi," mimi namjibu, "Bwino, mama," kisha ananiwekea ukoko wa wali wa bondeni, wali wa Msangano unaonukia mpaka barabarani, na kipande cha chikanda alichokikaanga yeye mwenyewe. Chikanda ni kiazi cha porini kinachosagwa na karanga na kupikwa kama keki, na mheshimiwa mmoja kutoka kanda ya ziwa aliipenda mno akadhani ni soseji. Hatukumsahihisha. Kati ya jikoni na ukumbi kulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na kidirisha hicho hakikufungika vizuri. Hivyo maneno yale ambayo mimi niliyaapia kwa Biblia, Mama Chanda aliyasikia yote akiwa anamenya vitunguu. Mara nyingine aliniuliza, "Huyu mwalimu wenu, watamfunga?" Mimi nainamia sahani.

Mwalimu aliyemsema ni Simfukwe, mwalimu wa shule ya msingi kule Msangano. Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Mwaka uliotangulia mvua ilikatika, yakaletwa mahindi ya msaada kwa ajili ya vijiji vya bondeni, na watu wakaona malori yale yanapita Tunduma na kuvuka mpaka badala ya kushuka kwao. Jina la mkubwa mmoja wa siasa likawa linatajwa. Simfukwe aliandika waraka wa kurasa mbili kuuliza mahindi yamekwenda wapi, akausoma mbele ya watu waliokusanyika uani kwa mjane mmoja, na watu wakatia saini na dole gumba. Waraka ukazunguka. Kamati ikaletwa na kazi mbili: kuchunguza kashfa ya mahindi, na kuchunguza kama waraka ule ni uchochezi. Mimi niliyechapa kila kitu naweza kusema kwamba kazi ya kwanza ilichukua siku nne na ya pili ilichukua wiki zote zilizobaki. Huyo mkubwa alikuwa na hatia au hakuwa nayo, mimi sijui mpaka leo. Mashahidi waliojua kitu walikuja wakiwa na mafua, hawasikiki.

Simfukwe alikuwa anasikika. Aliingia na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama, akaketi kama anayesimamia mtihani. Mwenyekiti akamuuliza kama anajua kwamba kuwasomea watu maneno ya kuwachukiza na serikali ni kosa kubwa. "Najua, Mheshimiwa," akasema. "Lakini mimi niliuliza swali. Darasani kwangu mtoto akiuliza swali namwambia asante." Mheshimiwa wa chikanda akakohoa kuficha kicheko. Mimi vidole vilikuwa vinaruka vyenyewe, kwa sababu alikuwa anasema kwa sentensi kamili, na mchapaji anampenda mtu wa namna hiyo. Walimtaka ataje aliyempa wazo, aliyempa karatasi, aliyewaita watu. Alijibu yote kwamba ni yeye. Walipomuuliza waraka ulisomwa kwa nani, alisema ulisomwa uani, Msangano. "Uani kwa nani?" Hapo kwa mara ya kwanza akanyamaza. Mwenyekiti akamtazama Katibu, Katibu akaandika kitu, na kesho yake gari likatumwa bondeni.

Sasa inabidi nieleze jambo ambalo kwetu halielezwi, kwa kuwa kila mtoto anazaliwa analijua. Mwanamume wa kwetu na mama mkwe wake hawaonani. Hawakai chumba kimoja, hawali pamoja, hatamki jina lake, na wakikutana njiani mmoja anatoka njiani anageukia porini mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima. Mkwe anamheshimu mama yule kwa sababu amemzalia mke. Siku ya waraka, Simfukwe alisoma akiwa nje ya uzio, yule mama akiwa ndani jikoni, na waliokuwepo hawakuona ajabu yoyote. Mjane mwenye ua ule alikuwa mama yake Yusta, na Yusta alikuwa mke wa Simfukwe. Mimi nilijua, kwa sababu Yusta nilisoma naye na harusini kwake nilibeba maua. Kamati haikujua. Kwenye fomu ya shahidi kulikuwa na mstari wa jina, umri, kijiji, kazi na chama, hapakuwa na mstari wa kuandika umemwoa binti wa nani. Na wenyewe wawili hawakuwaza hata kidogo kwamba kuna watu wazima duniani, tena wenye tai, wanaoweza kuhitaji kuambiwa.

Walimwita Simfukwe ndani saa nne asubuhi. Kisha mlango ukafunguliwa, akaingia askari na nyuma yake Mama Yusta, amejifunga vitenge viwili, miguu ina vumbi la safari. Simfukwe alinyanyuka kama aliyeungua, akauelekea ukuta. Mama naye akavuta kitenge chake cha mabegani, akajifunika kichwa na uso mpaka kifuani, akabaki amesimama. "Geuka," Mwenyekiti akasema. Simfukwe akasema akiutazama ukuta, "Mheshimiwa, naomba nitoke." Akaulizwa kwa nini. "Ni aibu." Aibu ya nini? Hakujibu, maana kuutaja ule ukwe mbele ya mama kungekuwa aibu juu ya aibu. Nilimtazama Mwenyekiti nikaona anaelewa, yaani anaelewa vibaya. Watu wawili wanaogopana namna hii lazima wana siri. Nikafungua mdomo. "Mheshimiwa, samahani, hawa ni..." Katibu aliinua kidole kimoja tu, akasema taratibu, "Karani." Nikafunga mdomo.

Mwenyekiti akaamuru mashahidi wakabiliane. Askari alimketisha Mama Yusta kwenye kiti, akamshika Simfukwe mabega, akamketisha kiti cha pili, akavisogeza viti mpaka magoti yao yakakaribia kugusana. Kisha akamvua mama kitenge usoni. Meza yangu ilikuwa upande wa kushoto, nyuma kidogo ya bega la mama, na nilimwona Simfukwe uso mzima. Alikuwa amefumba macho. Hakuyafumba kama anayesinzia. Aliyabana mpaka pua ikakunjamana, na machozi yakatoka pembeni. Mama alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kimegusa kifua. Waheshimiwa, kule walikokaa, waliona migongo na mashavu. "Andika," Mwenyekiti akaniambia. "Shahidi wa nne na shahidi wa saba walikabilishwa. Waliangaliana. Hawakukana kufahamiana. Mwenendo wao ulionyesha dalili za njama." Nikaandika. Nakumbuka herufi A ya mashine ile ilikuwa inaruka juu kidogo ya mstari, na kwenye lile neno "waliangaliana" zilikuwepo A za kutosha kulifanya liyumbe kama mlevi. Nakala nne na kaboni zake.

Wakati wa chai nilimfuata Katibu kwenye korido. Alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Alikuwa ameniahidi kwamba kazi ikiisha atanitafutia nafasi ya kudumu Dodoma, kwenye chumba chenye mashine za umeme. Nilimwambia, "Bwana Katibu, yule ni mama mkwe wake. Na hawakuangaliana, mwalimu alifumba macho." Alikoroga chai yake. "Hilo la ukwe lilisemwa ndani, binti?" Nikasema halikusemwa. "Mwenyekiti alikuamuru uandike kwamba alifumba macho?" Nikasema hapana. "Basi halimo," akasema, bila ukali, kama mtu anayemwonyesha mgeni choo kiko wapi. Kisha akanikumbusha Biblia. Nikarudi mezani nikafikiria mashine za umeme, na mchana tulikula kuku wa kienyeji, na niliona aibu kwamba nilimsikia mtamu.

Kamati iliondoka mwishoni mwa wiki ya tano. Ripoti nilichapa mimi, ikafungwa kwa lakiri nyekundu, na sijawahi kusikia mtu yeyote aliyeiona tena. Mahindi hayakuzungumzwa. Simfukwe alikaa rumande wiki tatu, akaachiwa siku moja mchana bila kuambiwa chochote, kama mtu aliyekuwa amesahauliwa kwenye kabati. Sote tukamshukuru Mungu. Lakini yule askari alikuwa na mdomo. Kwenye vilabu vya pombe alisimulia alivyowaketisha mtu na mkwewe goti kwa goti wakatazamana, na hadithi ikashuka bondeni kabla ya Simfukwe mwenyewe. Alipofika Msangano, shemeji yake Gidioni, kaka mkubwa wa Yusta, alimsimamisha nje ya uzio. Wazee wakaketi. Simfukwe akasema, "Nilifumba macho." Wakamuuliza mama, mama akasema yeye aliinama, alichokiona ni vidole vyake vya miguu. Wakauliza nani mwingine alikuwemo mle ndani. Kila mtu wa Tunduma alijua nani alikuwa anapiga mashine usiku na mchana nyuma ya maghala.

Basi Yusta akaja. Nilikuwa nimebaki Tunduma nikichapa kwa muda katika ofisi moja, nimepanga chumba kimoja, nimerudi kutoka kazini kula, nina sufuria ya maharage kwenye jiko la mkaa mlangoni. Alikuwa amekuja na mtoto mgongoni, amepanda lori la mchele. Nilimkaribisha akae kwenye ndoo iliyogeuzwa, nikampa maji. Alikunywa, akaniambia habari zote za wazee, kisha akasema, "Dada, wewe ulikuwepo. Sikuombi uniambie walichosema. Niambie tu kama alifumba macho. Nikirudi nikisema Eda ameona, watanyamaza." Nilikuwa na barua ya Katibu chini ya godoro, inayosema nisubiri, nafasi ya Dodoma inakuja. Nilikuwa na kiapo. Nilikuwa na woga, nisijipambe. Nilichochea mkaa nikasema, "Sikuwepo." Yusta hakubisha. Alitazama mikono yangu. Vidole vyangu vitatu vilikuwa na rangi ya kaboni, ile ya bluu isiyotoka kwa sabuni, imeingia mpaka chini ya kucha. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Haya, dada," akamfunga mtoto vizuri mgongoni, akaondoka bila kula.

Simfukwe alitoa mbuzi na kitenge kipya kuiosha aibu, kama inavyotakiwa kwa mwenye kosa, ingawa hakuwa na kosa. Gidioni alipokea mbuzi lakini akasema ndani ya uzio huu mtu huyu hatakanyaga tena. Mwalimu akaomba uhamisho, akahamia Chitete na familia yake. Yusta alikwenda kwa mama yake peke yake miaka yote, na watoto, na mchele, na dawa mama alipoanza kuugua miguu. Mumewe alikuwa anamsindikiza mpaka kona ya mwisho na kurudi. Barua ya Dodoma haikuja. Nilicheka siku nilipotambua kwamba haitakuja, kisha nikalia, kisha nikanunua taipureta ya mtumba, ndiyo ikazaa duka. Yusta hupita dukani kutoa kopi za vyeti vya watoto wake. Tunaongea bei ya mchele, tunacheka, naye hakuwahi kuligusa tena jambo lile. Wema wake huo ulinitesa kuliko kama angenitukana.

Nilifika msibani Msangano adhuhuri. Turubai lilikuwa limejaa, akina mama wanakoroga masufuria, kwaya inajaribu wimbo. Nje kabisa ya uzio, kwenye benchi alilotolewa na jirani, alikuwa amekaa mzee mmoja na mjukuu. Nilimsalimia, "Shikamoo, Mwalimu." Alinyanyua uso, macho yake yamefifia, hakunitambua, akapapasa mfukoni, akatoa miwani minene kama chini ya chupa, akaivaa. "Ah," akasema, "Karani." Ndivyo alivyoniita sikuzote. Nikaketi kando yake. Aliniambia yeye atasubiri hapo hapo, jeneza likitoka atafuata nyuma ya watu wote. Hapo nikamuuliza swali nililopaswa kumuuliza ujanani. "Mwalimu, ulijua nilikuwa naona. Kwa nini hukuwahi kuja kuniomba niseme?" "Ulikuwa umeapa," akasema. "Mimi nimefundisha watoto maisha yangu yote kwamba ukiahidi utimize. Ningekujaje kukuomba uvunje?" Akanipigapiga mkono kunifariji. Alinifariji mimi.

Baada ya chakula mwongoza ratiba akaita salamu za rambirambi. Wakasema wa kanisa, wa kijiji, wa kikundi cha akina mama. Nikanyoosha mkono. Nikasimama. Nilisema jina langu na kwamba marehemu alikuwa mama kwangu. Halafu nikasema, "Wakati ule wa Kamati ya Mbegu, mimi ndiye niliyekuwa napiga mashine." Vijana hawakuelewa, wazee waliacha kutafuna. "Niliapa nisiseme. Kama kuna wa kunifunga, anikute dukani, nitamchemshia chai. Siku ile mama yetu alipoingizwa, Mwalimu Simfukwe aligeukia ukuta. Walipomgeuza kwa nguvu, alifumba macho. Hakuyafumbua mpaka mama alipotolewa nje. Nilimwona kwa macho yangu. Karatasi inasema waliangaliana. Niliichapa mimi, na ni uongo. Yusta alikuja kuniuliza, nikamwambia sikuwepo. Nilikuwepo." Sikujua namna ya kumaliza, nikasema poleni sana, nikakaa. Yusta alikuwa amekaa mkekani kwa wafiwa. Alijifunika uso kwa kitenge, mabega yanatikisika, na sikuweza kujua ananilaani au vipi.

Gidioni sasa ni mzee wa fimbo. Aliinuka polepole, akapita katikati ya viti mpaka kwenye uzio, akasimama pale pale, nadhani, alipomsimamisha mwenzake miaka ile. "Shemeji," akasema, "ingia umuage mama. Ameshalala. Hakuna aibu tena." Ni kweli, kifo kinaondoa mwiko huo, wazee wote watakuambia, mkwe anaruhusiwa kuutazama uso huo mara moja kabla haujafunikwa. Simfukwe alinyanyuliwa na mjukuu wake. Aliingia uani kwa mara ya kwanza tangu akiwa na nywele nyeusi. Foleni ya kuaga ikasimama kumpisha. Alipobakiza hatua mbili kufika kwenye jeneza, aliachia mkono wa mjukuu, akavua miwani yake, akaikunja taratibu, akaitia mfuko wa shati na kuufunga kifungo. Ndipo akasogea, akainama, akaushika ukingo wa ubao kwa mikono yote miwili, na uso wake umeelekea mahali ambapo asingeweza kuona kitu.

Nilihisi mtu amenishika kiwiko. Alikuwa Yusta, kitenge kimeshuka mabegani, macho mekundu.

"Dada," akaninong'oneza, "umemwona?"

"Nimemwona," nikasema. "Nipo."